Jina Langu Kwenye Kamera za Watu

Nimemkabidhi Mercy, fundi mwenzangu, ngazi mbili, drili, koleo la kubana vichwa vya waya na funguo za duka, na bado hajatosheka. Anataka niwaandikie nyinyi mafundi wapya mambo niliyoyaona kazini, kwa sababu nikiwaeleza kwa mdomo mnachungulia simu. Haya, nimekaa, nimevaa miwani. Vyeo sitavitaja, maana katika duka lililokuwa la watu wawili kitu pekee cha kupanda kilikuwa ngazi. Nitawaambia nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa moja ambalo hata sasa silisahau. Na msiruke kurasa kulitafuta.

Kwanza jina, kwa sababu balaa lote lilitokea hapo. Kitambulisho kinasema Grace, lakini hapa Kisumu anayeniita Grace ni benki peke yake. Nilizaliwa Kano nikaolewa Seme, na kwetu Wajaluo mwanamke akiolewa huitwa kwa alikotoka. Mama mkwe aliniita Nyar Kano, binti wa Kano, siku ile ile nilipofika kwake. Mashemeji wakafuata, kwaya ikafuata, na nilipoanza kazi mjini hata wenye maduka ya vifaa kutoka Nyeri na Murang'a wakalichukua bila kujua maana yake. Mmoja aliniandikia risiti ya "Bi. N. Kano". Niliiweka kwenye mkoba wiki nzima, nikichoka naitoa nacheka.

Aliyenifundisha ni Mzee Wafula, mtu wa Bungoma aliyekuja Kisumu kutengeneza simu za waya akaishia kufunga ving'ora vya wezi. Nilimwendea na cheti cha stima cha chuo cha ufundi, na viatu vya kanisani. Alivitazama viatu, akakitazama cheti, akanipa tochi akaniambia nipande darini, kwa kuwa kati yetu mimi ndiye mwembamba. Msicheke, nilikuwa mwembamba. Akanionya nikanyage mbao tu, bodi ya dari nisiiguse. Kule juu kulikuwa na popo, popo wakaruka, nikakanyaga bodi. Mguu wangu ukatokea juu ya meza ya mzee mmoja Mhindi aliyekuwa akinywa chai na mkewe. Nilimsikia akisema taratibu kabisa, "Wafula, mtu wako amefika." Tuliziba lile shimo bure na tukapewa chai.

Mzee Wafula hakuwa mtu wa maneno. Alikuwa na bisibisi moja ya kupimia stima ambayo hakumwazima hata mkewe, na alikuwa akigonga ukuta kwa vidole kabla ya kutoboa, anasikiliza, anasogea, anagonga tena. Nilidhani ni mbwembwe mpaka siku nilipotoboa bomba la maji kwenye nyumba ya pasta. Toka hapo nikawa nagonga. Kamera zilipoanza kuingia mjini akajifunza kamera akiwa na mvi, na akajiwekea utaratibu wake. Ukimaliza kufunga, mwenye nyumba ndiye anayechagua paswadi. Vitabuni wanaiita nywila. Sisi kazini ni paswadi. Unampa mteja simu au kibodi, halafu unageuka unatazama ukuta mpaka aseme amemaliza. Mzee aligeuka kweli kweli, mikono nyuma, kama mtoto aliyeadhibiwa. Wateja wengine walimwambia, "Mzee, hapana shida, angalia tu," naye anabaki vile vile. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia kwamba siku kitu kikiharibika katika nyumba ile, anataka aweze kulala.

Kisha Mzee Wafula akazeeka akarudi kwao kulima, na mimi nikabaki na duka. Hapo ndipo kazi yangu ilipochukua njia yake. Mafundi wanaume wa mjini walipewa mageti, maduka na magodauni. Mimi niliitwa ndani. Mama mwenye mtoto mchanga na yaya mgeni, kule Milimani, hataki mwanaume aingie chumbani na drili. Mwenye hosteli ya wasichana kule Bondo, vivyo hivyo. Fundi cherehani mwenye pazia la kujaribia nguo, kliniki ndogo yenye chumba cha sindano, wote walisema aitwe Nyar Kano, yeye ni mama, anaimba kwaya. Na nikajivuna, nisiwafiche. Niliingia vyumba ambavyo hata waume wa wenyewe walikuwa wakibisha hodi.

Sasa kosa. Wateja wanasahau paswadi. Huo si uchawi, ndivyo binadamu alivyo. Anachagua jina la mtoto wake, kesho anakumbuka la mtoto mwingine. Wanapiga simu nikiwa kanisani, wanapiga nikiwa matangani. Mwenye hosteli wa Bondo alinipandisha gari mara tatu katika wiki moja ili nikabonyeze kitundu cha nyuma ya mtambo kwa pini na kuanza upya. Safari ya tatu nikachoka. Nikarudi nikiwa nimeamua: kuanzia leo paswadi naweka mimi, tena moja kwa wote, ili mtu akipiga nimjibu hata nikiwa usingizini. Nikaandika kitu ambacho siwezi kusahau. Nikaandika nyarkano. Mtambo ukakataa, ukataka na tarakimu, nikaongeza moja mwishoni. Mniamini nikiwaambia kwamba niliona nimeimarisha ulinzi.

Subirini, bado. Nilichapisha stika za manjano, NYAR KANO KAMERA na namba ya simu, nikabandika moja kwenye kila mtambo niliofunga. Mercy alikuwa ameshajiunga nami. Aliwahi kuniuliza kama si hatari paswadi kuwa moja, nikamjibu kwamba hapa Kisumu hakuna mwizi anayejua mambo hayo, wezi wetu wanapenda kuku na gesi. Hilo ndilo jibu nililompa mtu aliyesoma mambo ya kompyuta miaka mitatu. Yeye akaendelea kukunja waya kwa heshima, na mimi nikadhani nimemshinda.

Mwalimu Roselyne alikuja dukani akiwa na haraka. Alikuwa akifundisha hapa mjini na kurudi Ahero kila jioni, kwa mama yake, Dani Peres. Dani kwa Dholuo ni nyanya, yaani bibi, na kila mtu pale alimwita hivyo. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande wa kulia, hawezi kusimama, na mchana alikuwa akitunzwa na msichana mmoja anayeitwa Lilian. Mwalimu alikuwa na wasiwasi. Alikuwa amesikia habari za wazee wanaopigwa na walezi, wanaonyimwa maji. Alitaka kamera chumbani, ile inayogeuka na yenye kipaza sauti, ili akiwa shuleni aweze kumwona mama kwenye simu na hata kumsalimia.

Ahero nilifunga soketi juu, karibu na usawa wa kichwa, kwa sababu maji ya mafuriko huingia mpaka ndani na alama yake ilikuwa ukutani, juu kidogo ya goti. Dani alikuwa kitandani akinitazama nikipima. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala kama kitu cha mtu mwingine, lakini mdomo ulikuwa mzima na akili ilikuwa kali kuliko yangu. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni Nyar Kano, nimeolewa Seme. Akafurahi. Akasema yeye ni Nyar Nyakach, alizaliwa kule juu karibu na Sondu akaletwa hapa Kano na mume, kwa hivyo mimi nilitoka akaingia yeye. Tukacheka. Akaniuliza kile kitu kinafanya nini.

Mwalimu akawahi kujibu kwamba ni cha kuzuia wezi. Mimi nikakaza skrubu. Nilikuwa nimeona beseni chini ya kitanda na taulo kwenye kiti, na nilijua mgonjwa wa namna hiyo haogi bafuni. Nilimvuta Mwalimu kando nikamwambia tuielekeze mlangoni. Akasema mlango haumpigi mama yake, anataka kuona kitanda. Ni nyumba yake, ni mama yake. Nikaielekeza kitandani, nikaweka paswadi yangu, nikabandika stika yangu, nikaaga.

Ilipita kama miezi minne. Jumanne moja Mwalimu akanipigia simu, akasema kamera imeharibika, inageuka yenyewe. Mara mbili aliifungua akakuta inatazama dirisha, mara moja ikiwa imeshuka kabisa juu ya godoro. Alidhani ni Lilian anayeigeuza ili afiche anayoyafanya, wakagombana, akamfukuza. Lilian ameondoka wiki mbili, sasa anayekuja asubuhi kumwosha Dani na kumlisha ni mke wa jirani, na kamera bado inageuka. Nikamwambia labda ni mota. Nilisema hivyo nikiwa nakula chapati, sina habari.

Nilifika saa kumi na nusu, naye ndiyo kwanza ametoka shule. Alinikalisha sebuleni kwanza. Alikuwa amekonda. Akaniambia nisishangae nikimkuta Dani amebadilika, kwa sababu akili imeanza kumtoka. Anaongea na ukuta. Anasema mle ndani kuna mwanaume. Walimpeleka kwa daktari, wakapewa vidonge, vidonge vinamlaza mchana kutwa. Kaka yake Mwalimu anayekaa Nakuru anakuja Jumamosi kumchukua, kuna mahali huko wanakaa wazee waliopotewa na akili. Dani analia, hataki, anasema atafia njiani. Mwalimu alinieleza haya yote akiwa ameshika kikombe ambacho hakunywa. Nikampa pole, nikachukua bisibisi yangu nikaingia chumbani.

Dani alikuwa amesinzia. Alipofungua macho alinitambua mara moja, akanyoosha ule mkono wa kushoto akanishika kiganja.

"Afadhali umekuja," akasema. "Kuna mwanaume ukutani anakuulizia."

Nikamwuliza ananiulizia vipi. Akasema anaita, "Halo, Nyarkano. Nyarkano, halo." Anaita vibaya, kama mtu anayesoma asichokijua, halafu anacheka na kusema Kiingereza. Wakati mwingine wanakuwa wawili. Amewaambia mara nyingi kwamba Nyar Kano hayupo, alimaliza kazi akaenda zake kwa mumewe, lakini hawasikii. Akaniomba niongee nao mimi mwenyewe, kwa kuwa ni mimi wanayemtaka.

Sijui niwaelezeje. Nimewahi kupigwa na stima nikaanguka kutoka kwenye ngazi ya futi kumi na mbili, na haikuwa hivi. Katika nyumba ile nzima hakuna mtu aliyekuwa amenitaja mbele ya kamera, na mimi nilijitambulisha kabla haijawashwa. Stika kamera yenyewe haiioni, kwa hivyo mtu wa mbali angelipata lile neno mahali pamoja tu, nalo ni kwenye kufuli, kwenye paswadi yangu. Mtu alikuwa amelisoma, akadhani ni jina la huyu mama aliyelala hapa. Nikatazama juu. Kamera ilikuwa imeelekea kitandani, na kile kitaa chake kidogo cha kijani kilikuwa kinawaka. Nilichomoa waya kwa nguvu mpaka soketi ikatikisika.

Na hapo, mafundi wangu, nikafanya jambo la pili la aibu. Nilitoka sebuleni nikamwambia Mwalimu kwamba mota imekwisha, naipeleka dukani. Nikapanda gari na kamera mapajani. Sikumwambia kitu.

Asubuhi ya Jumatano nilimweleza Mercy. Hakunikemea, angenikemea ingekuwa nafuu. Alifungua akaunti ya ile kamera kwa simu yake, akanionyesha orodha ya walioingia. Palikuwa na Ahero, palikuwa na Kisumu, halafu palikuwa na miji ambayo mimi naijua kwa kuisikia kwenye habari. Kisha akaketi kwenye kompyuta, akatafuta neno lile, nyarkano, pamoja na namba moja. Akatafuta kwa muda mrefu, mahali ambapo mimi nisingejua hata kubisha. Nikaona ameweka kiganja mdomoni. Akasema, "Mama, usije." Nikaenda.

Ulikuwa ukurasa wenye vyumba, na juu yake wameandika paswadi yangu. Vyumba tupu, vyumba vyenye watu, picha ndogo ndogo zimepangwa kama soksi sokoni. Ukibonyeza, zinacheza. Nilikiona kitanda cha mtoto cha Milimani. Niliona pazia la fundi cherehani, na mwanamke anavua blauzi. Nilikiona chumba cha sindano, nikaona ukumbi wa hosteli ya Bondo na wasichana wanatoka kuoga wamejifunga leso. Kila chumba nilikijua kwa tundu nililolitoboa mwenyewe. Na nilimwona Dani Peres. Lilian alikuwa amemshikilia kwa mkono mmoja, kwa upole kabisa, anampangusa mgongo na kumsemesha. Hakuna aliyempiga wala kumnyima kitu. Chini yake waliandika Nyarkano, na watu wakaandika vicheko.

Nilikaa sakafuni. Nilishtuka mpaka nikashindwa kulia, nilikuwa nasema tu "ni mimi, ni mimi," na Mercy ananiinua kwa kwapa. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua linawaka, nje watu wanauza maembe, na mimi nilikuwa nataka ardhi inifiche. Watu wazima wamekaa mahali fulani na chai zao, wanamwangalia mama wa watu akioshwa. Mpaka leo sijapata pa kuliweka jambo hilo.

Kisha nikaanza kujitetea kichwani, nawaambia ukweli. Nikasema tutabadilisha paswadi zote kimya kimya. Tutawaandikia wenye ukurasa waufute. Hakuna mteja atakayejua, na asiyejua haumii. Nikamwambia Mercy hivyo, kwa sauti ya chini, ingawa tulikuwa wawili.

"Mama," akasema, "Jumamosi wanampeleka Nakuru."

Basi. Hilo lilinimaliza. Kule Ahero kuna mtu anayesema ukweli mtupu na kila anaposema anaongezewa kidonge. Katika dunia hii ni watu wawili tu walioweza kushuhudia kwamba Dani Peres yuko timamu, na mmoja alikuwa anapanga kunyamaza. Tulianza kupiga simu saa hiyo hiyo. Niliwaambia wateja mmoja mmoja wachomoe kamera ukutani kwanza, halafu wanitukane baadaye, na wengi walifuata mpangilio huo. Mchana tukaenda polisi kuandikisha. Afisa alikuwa mtu mzuri, akaandika kwa mkono polepole, akafika mahali akaniuliza ni vitu gani vimeibwa. Tukakubaliana aandike picha.

Kuzunguka kwa wateja wote ana kwa ana kulinichukua miezi iliyobaki kabla sijastaafu. Nilibandua kila stika kwa ukucha. Yule mama wa Milimani hakunifungulia geti, alinisikiliza akiwa ndani, na nilipomaliza akafunga hata kile kidirisha. Ukurasa ule uliondolewa, Mercy anasema, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyenieleza kwamba kilichokwisha kuchukuliwa hakirudi. Hayo nayaandika hapa haraka kwa sababu sitaki kumalizia nayo.

Alhamisi nilirudi Ahero. Nilimwomba Mwalimu tukae chumbani kwa Dani, sote watatu, na nikaongea Dholuo. Ningetumia Kiswahili au Kiingereza ningepata maneno ya kujifichia, mtandao, udukuzi, mfumo. Kwa Dholuo nililazimika kusema vile lilivyo. Nikasema yule mwanaume yupo kweli. Yeye ni mtu na yuko mbali, aliingia kupitia kile kitu nilichokifunga mimi. Aliita jina langu kwa sababu jina langu ndilo linalofungua, nililiweka kwa uvivu. Alikuwa akikuona, Dani. Yeye na wengine, hata Lilian alipokuwa akikuosha. Na ni wao waliokuwa wakiigeuza, si Lilian.

Mwalimu alisimama, akakaa, akasimama tena. Alinitukana, na sitayaandika hapa kwa sababu alikuwa na haki ya kila neno. Akasema atanipeleka kortini. Nikamwambia twende. Akauliza anamwambiaje kaka yake, anamwambiaje Lilian.

Dani alikuwa ameinua kiganja cha kushoto ili tunyamaze.

"Kwa hivyo sina wazimu," akasema.

"Huna, Dani. Hujawahi kuwa nao."

"Mwangalie huyu umwambie tena."

Nikamgeukia Mwalimu nikamwambia tena, mama yako ana akili zake zote. Dani akafumba macho na machozi yakashuka kuelekea masikioni. Mwalimu akapiga magoti kando ya kitanda, akasema hakuna Nakuru, kesho asubuhi watarudi kwa daktari kuhusu vile vidonge, na yeye mwenyewe atamfuata Lilian kwao amwombe msamaha. Nikafikiri hapo ndipo tumefika mwisho. Nikaanza hata kukusanya mkoba wangu.

Dani akafungua macho. "Huyo mwanaume simjui," akasema. "Kile kitu kiliwekwa ili nani aangalie?"

Mwalimu akajibu akiwa bado amepiga magoti. "Mimi, Mama. Nilitaka kuona kama Lilian anakutunza."

"Ukiwa wapi?"

"Shuleni."

"Shuleni wapi?"

"Kwenye ofisi ya walimu. Wakati wa mapumziko."

Dani akalifikiria hilo. Nadhani alikuwa anaiona ile ofisi, meza zimeungana, wenzake wamekaa bega kwa bega na chai.

"Saa nne," akasema. "Saa nne ndipo Lilian alikuwa ananiosha."

Mwalimu alifunika uso kwa mikono miwili na hakuutoa. Nilimsikia akisema Mama, Mama, hakuna kingine. Dani hakumgombeza. Akageuza kichwa polepole kwenye mto, akanitazama mimi.

"Na wewe, binti wa Kano. Ulipopanda ile ngazi, ulijua naoshewa wapi?"

Nilikuwa nimeliona beseni, nilikuwa nimeliona taulo kwenye kiti.

"Nilijua," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, mara moja tu. Kisha akashika ncha ya shuka kwa mkono wake mzima akaivuta mpaka kidevuni, ingawa alikuwa amevaa gauni lake lote na mle chumbani tulikuwa wanawake watatu tu.